Namba 303.48: Kusoma Utandawazi na Teknolojia kwa Pamoja Maktabani

Mpango wa usomaji wa jamii unaoandaliwa na maktaba hufaulu au hukwama siku ile kitabu kinapochaguliwa, na mada inapokuwa utandawazi na teknolojia uchaguzi huo huwa mgumu maradufu. Mada yenyewe ni pana kiasi kwamba kitabu chochote kinachodai kuieleza yote huishia kuhubiri. Humwambia msomaji kwamba dunia imekuwa moja, kwamba mipaka imelegea, kwamba mashine zitaleta neema au zitapora kazi, na msomaji hukifunga akiwa amekubali au amekataa, bila kuwa na jambo la kumuuliza aliyeketi karibu naye. Nimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wanaoandaa na kuongoza mijadala ya aina hii, na nina msimamo ambao huutetea kila kamati inapokutana: tusianze na dunia. Tuanze na kitu kimoja kinachoshikika, tukifuatilie mpaka kitufikishe duniani, na kitu cha kwanza kiwe kitabu chenyewe pamoja na maktaba iliyokihifadhi.

Wazo la jamii nzima kusoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja lina historia fupi. Mwaka 1998 kituo cha vitabu cha Maktaba ya Umma ya Seattle, Marekani, kikiongozwa na mkutubi Nancy Pearl, kiliwaalika wakazi wa jiji hilo wasome riwaya moja kisha wakutane kuijadili. Mwaka 2001 jiji la Chicago likafuata, na haikuchukua muda mipango ya namna hiyo ikaenea katika miji mingi ndani na nje ya Marekani. Watu waliokuwa hawajuani, wenye umri, kazi na imani mbalimbali, walipata jambo moja ambalo kila mmoja alikuwa amelitafakari peke yake kabla ya kulileta mbele ya wengine. Kwa mada yetu napendelea kitabu kinachomfuata mtu mmoja au bidhaa moja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake, kuliko kitabu cha nadharia, kwa sababu msomaji ambaye hakusomea uchumi huona haya kubishana na nadharia, ilhali anaweza kubishana vilivyo na uamuzi wa mhusika: kwa nini alihama, kwa nini alitia saini mkataba ule, kwa nini alinyamaza mashine ilipomkosea. Nadharia tunaileta baadaye, kwa makala za kurasa chache, watu wakiwa tayari na maswali yao.

Katika kikao cha kwanza kila mshiriki huombwa akigeuze kitabu alichoazima na kusoma namba zilizoko nyuma ya jalada na zile za kwenye mgongo, kabla ya kusoma hata sentensi moja ya ndani. Namba ya nyuma ni ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kila kitabu, yenye tarakimu 13 tangu Januari 2007 na 10 kabla ya hapo. Mfumo huu ulitokana na namba zilizobuniwa kwa ajili ya biashara ya vitabu ya Uingereza katika miaka ya 1960, ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Baada ya 978 ya mwanzo hufuata tarakimu zinazotaja kundi la lugha, nchi au eneo kilikochapishwa kitabu: 0 na 1 ni za nchi zinazochapisha kwa Kiingereza, 2 ni za Kifaransa, 3 za Kijerumani, 4 ya Japani, 7 ya China. Kitabu kilichochapishwa Kenya huweza kubeba 9966, cha Uganda 9970, cha Tanzania 9976 au 9987.

Hapo ndipo mazungumzo huanza kunoga, maana kuna hesabu ndani yake. Urefu wa namba nzima haubadiliki, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo kundi lenye tarakimu moja hubakiwa na tarakimu 8 za kuwagawia wachapishaji na vitabu vyao, yaani nafasi milioni 100, ilhali kundi la tarakimu nne hubakiwa na tarakimu 5 tu, yaani nafasi laki moja. Mwalimu mstaafu aliyekuwa ameifanya hesabu hiyo kwa kalamu pembezoni mwa daftari lake alisema kwamba waliogawa namba walikuwa wamekadiria tangu mwanzo nani atachapisha vingi na nani atachapisha vichache. Kijana aliyeketi mkabala naye akamjibu, "Sawa, mwalimu, lakini makadirio hayo yalitokana na hali iliyokuwepo wakati ule, na hali hiyo haikujileta yenyewe." Ubishi wao uliendelea kwa muda mrefu, na sikuukatisha. Hakuna mhadhara ambao ungeweza kuwaonyesha kwa wepesi kiasi hicho kwamba viwango vya kimataifa huwa na wenyewe, kwamba huwekwa na watu fulani mahali fulani kwa kutazama hali fulani, na kwamba baada ya hapo sisi sote huvitumia kana kwamba vilikuwepo tangu enzi na enzi. Wala haikuwa lazima kumlaumu mtu. Mfumo unafanya kazi, nchi ikiishiwa nafasi hupewa kundi jingine, na bila mfumo huo kitabu kisingeweza kuagizwa kutoka upande mwingine wa dunia kwa uhakika.

Namba ya mgongoni husema zaidi. Maktaba nyingi, katika nchi zaidi ya 130, hupanga vitabu kwa mfumo ambao mkutubi wa Marekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 katika kijitabu cha kurasa 44, akiyagawa maarifa yote ya binadamu katika madaraja 10. Dini ni daraja la 200: Biblia na Ukristo vimechukua sehemu kubwa, kuanzia 220 hadi 280 na ushei, na dini nyingine zote za dunia zimebanwa ndani ya 290, Uislamu ukiwa 297 na dini za jadi za Afrika zikiwa mahali fulani ndani ya 299. Lugha ni daraja la 400: Kiingereza kina 420 yote, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470, Kigiriki 480, kisha lugha nyingine zote, zikiwemo Kichina, Kiarabu na Kihindi, hugawana 490. Kiswahili ni 496.392. Mtu akisimama mbele ya rafu akiwa ameelezwa jambo hili, haioni tena rafu ile kwa macho ya jana. Anaona ramani ya dunia iliyochorwa na mtu wa karne ya 19 aliyekaa mahali pamoja, ramani ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kuta zake kuu zingali pale pale.

Kuna jambo jingine ndani ya mfumo huo ambalo naliona la thamani kubwa zaidi kwa mada yetu. Teknolojia ni daraja la 600, na humo tiba ni 610, kilimo ni 630, upishi na utunzaji wa nyumba ni 640. Kompyuta hazikuwepo mwaka 1876, hivyo zilipotokea zilitafutiwa nafasi tupu kwenye 004 hadi 006, jirani na ukutubi ambao ni 020. Karibu kila mara hujitokeza mshiriki, mara nyingi mama mtu mzima, anayejitambulisha kwa kusema kwamba yeye si mtu wa teknolojia na amekuja kusikiliza tu. Nampeleka kwenye rafu ya 630 na 640. Aliyelima maisha yake yote, aliyechagua mbegu, aliyejua kuhifadhi nafaka isiliwe na wadudu, amekuwa akifanya kazi ya teknolojia muda wote huo, na maktaba yenyewe imeandika hivyo kwenye rafu. Baada ya hapo huzungumza kwa sauti nyingine kabisa, na huwasahihisha vijana kuhusu mashine ambazo wao hawajawahi kuzigusa.

Na kwa anayetaka kujua mada ya mpango wetu imewekwa wapi: mahusiano kati ya jamii na tamaduni ni 303.482, na athari za sayansi na teknolojia kwa jamii ni 303.483. Namba mbili zinazofuatana, chini ya kichwa kimoja, 303.48, kinachohusu visababishi vya mabadiliko ya jamii. Anayeandaa meza ya maonyesho hana budi pia kwenda kwenye 337 kwa uchumi wa kimataifa, 382 kwa biashara ya nje, na 004 kwa intaneti, lakini moyo wa mada uko hapo, vitabu vya aina mbili vikigusana mabega. Naona mpangaji wa namba hizo alikuwa ametambua jambo ambalo mijadala mingi hulisahau: mabadiliko ya mashine na mabadiliko ya mahusiano kati ya watu walio mbalimbali ni vigumu kuyaeleza moja bila jingine.

Kikao ninachokisubiri kwa hamu kuliko vyote ni kile cha waya. Vijana huja wakiamini kwamba mawasiliano ya dunia yanapita hewani, kwenye setilaiti, kwa kuwa simu zao hazina waya. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka bahari hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya maji, ambazo katika kina kirefu hazizidi unene wa bomba la kumwagilia bustani. Hukatwa mara kwa mara, na sababu kubwa si papa wala majasusi bali nanga za meli na nyavu za wavuvi, kisha meli maalumu huenda kuzivua, kuziunga na kuzirudisha. Tunatandaza ramani ya nyaya hizo mezani na kila mmoja anafuatisha kwa kidole njia ya ujumbe wake mpaka kwa ndugu yake aliye ng'ambo.

Katika kikao kimoja cha aina hiyo mwanafunzi alitamka, kwa uhakika wa umri wake, kwamba utandawazi ulianza na intaneti. Kulikuwa na mzee aliyewahi kuwa karani wa telegrafu, mtambo wa kutuma maneno kwa mapigo ya umeme kwenye waya, katika ujana wake, mtu asiyesema sana. Alimwambia, "Mwanangu, hizo nyaya unazozionyesha zimefuata njia zetu." Kisha akakunja vidole, akabakiza kimoja, akaanza kugonga meza, pigo fupi na refu, fupi na refu, haraka kuliko tulivyoweza kuhesabu, akatuambia kwamba ametuandikia jina la kitabu tulichokuwa tukikisoma. Aliombwa arudie polepole. Aligonga herufi moja moja huku mwanafunzi yule akiziandika kwenye karatasi, nukta na vistari, mpaka jina likakamilika.

Mzee alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema. Waya wa kwanza wa telegrafu kuvuka Atlantiki ulikamilika mwaka 1858, na salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kufika. Baada ya wiki chache waya ule ukafa. Uliodumu ulilazwa mwaka 1866 na meli iliyoitwa Great Eastern, na katika miongo iliyofuata nyaya zikazunguka dunia, nyingi zikiwa mikononi mwa makampuni ya Uingereza. Nyaya za leo zimefuata kwa kiasi kikubwa njia zile zile na kutia nanga pwani zile zile, kwa kuwa njia iliyokwisha kupimwa, yenye vibali na mitambo ya nchi kavu, huwa nafuu kuliko njia mpya.

Lakini sehemu inayowagusa watu zaidi ni ganda la nyaya hizo. Shaba iliyo ndani ya maji ya chumvi inahitaji kuvishwa kitu kisichopitisha umeme, na karne ya 19 haikuwa na plastiki. Kilichotumika ni gutta-percha, utomvu wa miti inayoota katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hulainika ukitiwa katika maji ya moto na kukakamaa ukipoa, na bahari haiuli. Ili kupata utomvu wa kutosha, mti ulikatwa, na mti mmoja mkubwa ulitoa kiasi kidogo tu. Maili na maili za waya zilihitaji miti mingi isiyo na idadi, na kabla ya karne ile kwisha miti hiyo ilikuwa karibu kumalizika Singapore na katika sehemu kubwa ya rasi ya Malaya. Waliotumiana habari za bei za masoko kati ya London na New York hawakuwa na sababu ya kuufikiria msitu ule. Nikifika hapo huwa sihitaji kuuliza swali, kwa kuwa daima kuna mtu anayeishika simu yake na kuuliza betri yake inatoka wapi. Kobalti iliyomo katika betri nyingi huchimbwa kwa zaidi ya nusu ya kiasi chote cha dunia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na baadhi yake huchimbwa kwa mikono. Kuliweka jambo la mwaka 1866 kando ya jambo la leo humwondolea msomaji dhana kwamba tunaishi katika zama zisizo na mfano. Humpa pia swali la haki: wale walioishi wakati wa gutta-percha wangeweza kujua nini, na sisi tunaoweza kujua mengi zaidi tumefanya nini na tunayoyajua?

Kuhusu kazi, vitabu ni vingi na mijadala huwa na hasira zaidi. Tumesoma habari za mafundi wa Uingereza waliovunja mitambo ya kufumia nguo kuanzia mwaka 1811, ambao Bunge liliwatungia sheria ya adhabu ya kifo mwaka 1812, huku mshairi Byron akiwatetea katika Baraza la Malodi. Tumesoma pia habari za kontena: tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X iliondoka Newark kuelekea Houston ikiwa na makasha 58, na kabla ya miaka 30 kupita mabandari ya kale ya London, yaliyoajiri maelfu ya wachukuzi, yalikuwa yamefungwa, la mwisho likifungwa mwaka 1981. Hakuna aliyekuwa amevumbua injini mpya wala kompyuta yoyote. Lilikuwa sanduku la chuma lenye vipimo vilivyokubaliwa na wote. Mfano huo naupenda kwa sababu unawatoa watu katika fikra kwamba teknolojia ni lazima iwe na kioo na mwanga.

Hata hivyo, hakuna ukurasa uliotufundisha kuhusu kazi kuliko maelezo ya binti mmoja wa kikundi chetu ambaye huajiriwa kwa vipande, kupitia kompyuta, kuchora mistatili juu ya picha. Kila picha ni ya barabara. Anazungushia mstatili gari, mwingine mtembea kwa miguu, mwingine taa za barabarani, mwingine baiskeli iliyofichwa nusu na mti, na picha zile hutumika kuifunza akili mnemba ya magari yanayojiendesha. Alitueleza kwamba kuna makutano fulani ya barabara anayoyajua vizuri kuliko ya mtaani kwake, anajua mahali kivuli cha jengo huangukia asubuhi, lakini hajui mji ule ni upi. Picha haziandikwi jina. Mama mmoja akamuuliza, "Na wao wanajua kuwa ni wewe, mwanangu?" Akajibu kwamba kwenye mfumo yeye ni namba.

Wapo waliosema hapo hapo kwamba huo ni unyonyaji mtupu, na wapo waliosema kwamba kabla ya kazi hiyo hakuwa na kazi kabisa. Yeye mwenyewe alikataa kusemewa na upande wowote. Alisema kazi inampa riziki na inamchosha macho, kwamba angependa kujua picha zake zimefanya nini baada ya kumtoka, na kwamba haoni ni kwa nini kutaka kujua kuonekane ni kukosa shukrani. Kama kuna sababu moja inayonifanya niamini kwamba usomaji wa namna hii ni wa lazima, ni hiyo. Vitabu vingi kuhusu utandawazi vimeandikwa na wanaosafiri, kuhusu wasiosafiri. Kikundi cha maktaba ni mahali ambapo anayeandikwa anaweza kukishika kitabu na kusema kwamba ukurasa huu si kweli, na akasikilizwa na watu wanaomjua.

Maktaba nayo haijasimama nje ya mambo haya ikiwatazama wengine. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa ni mali ya maktaba: itakiazimisha mpaka kichakae, itakitia gundi, itakitoa zawadi. Kitabu cha kielektroniki kwa kawaida hakiuzwi kwa maktaba bali hukodishwa kwa leseni. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja mkubwa aliamua kwamba nakala ya kielektroniki iliyoko maktabani itazimika baada ya kuazimwa mara 26. Wengine huweka ukomo wa miaka, kwa mfano miwili, kisha maktaba hulipa upya. Nakala isiyochakaa imepangiwa kuchakaa. Nawaelewa waandishi na wachapishaji wanaohofia kwamba nakala moja isiyokufa itawanyima riziki, na katika mjadala huwa nahakikisha hoja yao inasemwa kwa ukamilifu. Lakini maktaba isiyomiliki vitabu vyake haiwezi kuwaahidi wasomaji wa kesho chochote.

Uchungu zaidi uko katika siri ya msomaji. Chama cha wakutubi cha Marekani kiliandika katika kanuni zake za maadili, mwaka 1939, kwamba habari za faragha ambazo mkutubi anazipata kwa kuwahudumia wasomaji ni amana, na wakutubi wa sehemu nyingi duniani wamelelewa katika msingi huo: anachosoma mtu ni juu yake. Programu za kusomea vitabu vya kielektroniki zinaweza kurekodi kitabu, ukurasa, saa, na mahali msomaji alipoishia. Mpango wa usomaji unaojadili nguvu za makampuni ya teknolojia, huku washiriki wake wakisomwa na programu wanazosomea, una jambo la kujiuliza kabla ya kuwafundisha wengine. Ndiyo maana katika kikundi chetu nakala za karatasi ndizo za kwanza, daftari la kuazimia huishia kwenye kurudisha kitabu, na hakuna anayeandika nani alisema nini.

Pamoja na hayo, sitaki kuandika kana kwamba skrini ni adui. Kwa mshiriki wetu asiyeona, skrini inayosoma kwa sauti ndiyo mlango. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unaruhusu vitabu kutengenezwa katika maandishi ya nukta nundu, sauti au namna nyingine inayowafaa wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na nakala hizo kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Huo ni utandawazi pia, na ni wa aina inayostahili kusherehekewa. Lakini siku aliyotuwekea simu yake mezani ili tusikie anavyosikia, sauti ya mashine iliisoma sura nzima ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, irabu zikipinda, silabi zikimezwa, na sisi tuliokuwa na kitabu mkononi tukashindwa kufuata hata sentensi mbili. Yeye alikuwa ameimaliza sura yote kwa namna hiyo, na alikuja na maswali mazuri kuliko yetu. Sauti za Kiswahili zipo sasa na zinaboreka, kwa juhudi za watu wanaojitolea kurekodi usemi wao, na kikundi kilipolijua hilo baadhi walianza kujitolea sauti zao. Nalitaja kwa sababu ni mara chache mjadala kuhusu teknolojia humpa mtu wa kawaida kitu cha kufanya.

Na wapo wasiofika kabisa. Mwaka 2024 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.6, karibu theluthi moja ya watu wote duniani, hawakuwa wakitumia intaneti. Mpango unaotangazwa mtandaoni peke yake umekwisha kuwachagua wasomaji wake. Tangazo la karatasi mlangoni, na mtu wa kumwambia mwenzake, bado hufika mahali ambapo ujumbe wa simu haufiki.

Linalotukabili sasa ni vishikwambi. Kampuni moja imejitolea kuipa maktaba vishikwambi kwa ajili ya awamu ijayo ya mpango, vikiwa na vitabu ndani yake, na kamati imegawanyika. Waliosoma historia ya maktaba walimkumbuka tajiri wa Marekani Andrew Carnegie, ambaye kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, fedha zilizotokana na viwanda vya chuma, kikiwemo kile cha Homestead ambako mgomo wa mwaka 1892 ulimwaga damu ya wafanyakazi. Maktaba zile zimesomesha vizazi, na wafanyakazi wengine wa zama hizo walizikataa. Mimi sioni kwamba zawadi ni ya kukataliwa kwa sababu ya mtoaji, wala ya kupokewa kwa sababu ya uhaba wetu, ambao ni wa kweli. Naona ni ya kusomwa. Katika rasimu ya mkataba mna kifungu kinachoruhusu kukusanywa kwa takwimu za matumizi "kwa ajili ya kuboresha huduma", na hakisemi ni takwimu zipi, zitahifadhiwa wapi, wala kwa muda gani. Tumeandika barua kuomba mambo matatu: kifungu hicho kiondolewe au kifafanuliwe, vitabu vibaki kuwa vya maktaba muda wa mkataba ukiisha, na sauti ya Kiswahili iwemo ndani ya kila kifaa.

Jibu halijafika. Wakati tunalisubiri, washiriki wameomba kikao kijacho kisiwe cha riwaya bali cha mkataba wenyewe, uchapwe, kila mmoja apate nakala, usomwe kwa sauti kifungu baada ya kifungu, na asiyeelewa asimamishe usomaji. Binti wa picha za barabarani amejitolea kuwa msomaji wa kwanza.